Dawa na Sitara: Historia ya Kuuguza Wenye VVU, kwa Mama na Biharusi



Biharusi anapowekwa ndani, somo wake humfundisha mengi: singo, udi, kumpokea mume, kuitunza nyumba. Lipo funzo moja ambalo mara nyingi hupitwa kwa kuona haya, nalo ni kipimo cha VVU na maisha yanayofuata baada ya jibu. Leo tumeona tulieleze kwa njia ya historia, kwa sababu khofu tulizonazo wengi wetu ni za miaka ya themanini, na dawa zilizopo ni za leo.

Wakati hakuna dawa

Madaktari wa Marekani waliuandika ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwezi wa Juni 1981. Mwaka 1983 kirusi chake kilionekana katika maabara ya Institut Pasteur mjini Paris, na mmoja wa waliokigundua ni mwanamke, Françoise Barré-Sinoussi, aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Mwaka huo huo wa 1983 wagonjwa watatu wa mwanzo wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Watu wa huko waliuita ugonjwa Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikivushwa mpaka kutoka Uganda. Kwetu Zanzibar, wagonjwa watatu wa mwanzo walitambuliwa mwaka 1986 katika hospitali ya Mnazi Mmoja.

Muuguzi wa miaka ile alikuwa na nini mkononi? Maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha, dawa ya utando mweupe wa mdomoni, dawa za kifua kikuu, shuka safi, na subira ya kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Dawa ya kirusi chenyewe hakuwa nayo. Mgonjwa akirudi nyumbani, muuguzi anakuwa mama yake, dada yake, au mkewe ambaye pengine naye ameshaambukizwa na hajijui.

Jirani zetu wa Uganda walituonesha njia. Bi Noerine Kaleeba alifiwa na mumewe mwanzoni mwa mwaka 1987, na mwaka huo huo, pamoja na wenzake, akaanzisha TASO, jumuiya ya kuwahudumia wenye VVU na familia zao. Mwaka 1992 chama cha madaktari Waislamu wa Uganda nacho kikaanza kuwafundisha maimamu pamoja na wasaidizi wao, wanaume kwa wanawake, wazitembelee nyumba za waumini na kuzungumza nao kuhusu ugonjwa huu. Msikiti ukaingia katika uuguzi. Walichokuwa wakikipeleka nyumbani hakikuwa kidonge, maana kidonge hakikuwepo. Walipeleka elimu, na elimu ikaondoa khofu ya kumshika mgonjwa mkono, kumuogesha na kula naye sahani moja.

Dawa zinafika

Dawa ya mwanzo, AZT, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Mgonjwa aliinywa kila baada ya saa nne, usiku na mchana, na ikifanya kazi peke yake kirusi kiliizoea baada ya muda. Hata hivyo dawa hiyo ndiyo iliyoleta habari njema ya kwanza kwa mama. Mwaka 1994 utafiti ulionesha kwamba mama mjamzito akiinywa, na mtoto akapewa baada ya kuzaliwa, watoto wanaoambukizwa hupungua kutoka kama 25 katika kila 100 hadi 8.

Mwaka 1996 madaktari walithibitisha kwamba dawa tatu zikinywewa pamoja, kirusi hufubazwa na mwili hupata nafasi ya kujijenga upya. Watu waliokuwa wameshaandika wasia wakarudi makazini. Lakini hayo yalikuwa Ulaya na Marekani, kwani dawa za mwaka mmoja zilizidi dola 10,000. Sisi huku tuliendelea kuzika.

Mlango ulifunguka kidogo mwaka 1999. Utafiti uliofanywa Kampala, katika hospitali ya Mulago, ulionesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama mwenye uchungu, na matone machache kwa mtoto ndani ya siku tatu, hupunguza maambukizi karibu nusu, tena kwa bei ndogo. Mwaka 2001 kiwanda cha Cipla cha India, chini ya Yusuf Hamied, kikatangaza dawa zote tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Baada ya hapo ndipo fedha za mifuko ya kimataifa zilipoweza kuwafikia watu wengi. Tanzania Bara ilianza mpango wake wa tiba mwaka 2004, na mwaka 2005 Mnazi Mmoja ikaanza kutoa dawa hizo.

Kisiwa kidogo, watu wanajuana

Zanzibar maambukizi yamekuwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Ni jambo la kushukuru, ila limeleta mtihani wake. Ugonjwa ukiwa wa wachache, kila mmoja hudhani si wake. Na kisiwani watu wanajuana: muuguzi wa zamu ni binti wa jirani, na aliyekaa kwenye benchi la kliniki ni wifi wa mtu.

Dawa za mwanzo nazo hazikusaidia kusitiri. Kulikuwa na dawa iitwayo stavudine, iliyonywewa asubuhi na jioni pamoja na nyingine mbili. Iliokoa roho za watu, lakini kwa baadhi yao ilikausha mashavu, ikapunguza nyama za mikono na miguu, na kuleta ganzi nyayoni. Mwanamke angeweza kutambuliwa kwa uso wake tu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri dawa hiyo iachwe hatua kwa hatua.

Hapa ndipo tunapoiona kazi ya muuguzi. Daktari huandika dawa mara moja, lakini muuguzi na mnasihi ndio wanaomuuliza mgonjwa vidonge anaviweka wapi, anavinywa mbele ya nani, na akisafiri kwenda harusini Pemba anabeba vingapi. Dozi zikirukwa, kirusi hujifunza kuishinda dawa. Kwa hiyo kumtunzia mgonjwa siri yake ni sehemu ya tiba yenyewe. Mwenye kusitiriwa hurudi kliniki, na aliyetangazwa mtaani hukimbia akaziacha dawa.

Ila sitara na kujificha ni mambo mawili tofauti. Sitara ni kujua jambo lako na kulipeleka kwa wanaostahiki kulijua. Kujificha ni kukataa kujua, na kirusi hakingojei mtu awe tayari.

Biharusi wa leo

Mwaka 2011 utafiti uliofanywa kwa wanandoa na wapenzi katika nchi tisa ulionesha kwamba mwenye VVU akianza dawa mapema, hatari ya kumuambukiza mwenzake hupungua kwa asilimia 96. Leo inajulikana kwamba aliyefubaza kirusi mpaka kisionekane kwenye kipimo hamuambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Tangu mwaka 2013 Tanzania humpa mjamzito mwenye VVU dawa za maisha, na baadaye ikaanza kumpa kila anayepimwa akaonekana navyo. Bila ya tiba, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 huambukizwa na mama zao. Kwa tiba nzuri hushuka chini ya 5, na mama ananyonyesha.

Dozi ya sasa kwa walio wengi ni kidonge kimoja kwa siku. Anayefunga Ramadhani anaweza kuzungumza na muuguzi wake juu ya kukinywa baada ya futari au wakati wa daku, bila ya kuikosa hata siku moja.

Basi dada yetu uliyeposwa, nendeni mkapime wawili, kabla ya kupanga siku ya harusi na si baada ya kadi kuchapwa. Rudieni kipimo baada ya miezi mitatu, kwa kuwa maambukizi mapya huenda yasionekane mara moja. Jibu likiwa zuri, mshukuruni Mola. Likiwa jingine, kaeni na mnasihi kabla ya kukaa na ukoo. Mlango wa ndoa haukufungwa, wala wa uzazi.

Na sisi masomo, mama wakwe na mawifi, tumebakiwa na kazi waliyoifanya wauguzi wa miaka ile bila ya dawa ya kirusi mkononi: kumshika mtu mkono na kuufunga mdomo.

Allah awarehemu waliotangulia kabla dawa hazijafika, awape shifaa walio wagonjwa, na awalipe kheri wauguzi wetu. Amin.