Jina la lenzi si picha

Mwanzoni mwa 1950, wapiga picha wengi wa Magharibi hawangeumiza kichwa kuchagua kati ya lenzi mbili za milimita 85, moja ya Kijerumani, nyingine ya Kijapani. Zeiss, basi. Vya Japani si ni vya kuigiza tu?

Mwaka huohuo mjini Tokyo, Jun Miki alimpiga picha David Douglas Duncan wa jarida la Life kwa Nikkor ya milimita 85. Duncan alipoiona imesafishwa, alishangaa ukali wake. Akaenda kiwandani, Nippon Kogaku, akazilinganisha na lenzi zake za Kijerumani. Vita vya Korea vilipolipuka mwezi Juni, alienda navyo na kamera yake ileile ya Leica, ila mbele amefunga Nikkor. Wenzake wakafuata.

Waliosema imeigwa hawakukosea kabisa: Nikkor hiyo ilifuata mpangilio wa vioo wa Sonnar ya Zeiss. Lakini milimita 85 husema tu ni eneo gani litaingia kwenye picha. Ukali ni kazi ya kioo na fundi. Kumbe mwanafunzi alishamfikia mwalimu, na waliotazama jina pekee hawakuwa na habari.