Mto, Lami na Anga: Nani Huchagua Njia ya Mzigo wa Juba?

Mwaka jana nilisimama nje ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba nikisubiri boksi la dawa za mama kutoka Nairobi. Cherehani yake, iliyonunuliwa siku hiyohiyo, ilikuwa bado njiani kwa lori. Mzee mmoja tuliyekuwa naye kwenye foleni aliniambia kwamba wakati wa vita hata chumvi iliingia mjini kwa ndege. Maneno hayo ndiyo chanzo cha insha hii. Mwenye mzigo hudhani anachagua njia kwa kupima uzito, bei na haraka. Hoja yangu ni kwamba Juba, mara nyingi, vita ndivyo vimemchagulia.

Enzi za ukoloni wa Waingereza, Juba ilikuwa mwisho wa safari ya meli zilizopanda Nile Nyeupe kutoka Kosti. Kusini ya hapo mto una maporomoko, kwa hiyo mizigo ya kwenda Uganda ilishushwa, ikapelekwa kwa gari mpaka Nimule, kisha ikapakiwa tena melini. Ndege za Imperial Airways, zilizoanza kuifuata Nile kuelekea Mwanza mwaka 1931, zilibeba barua na abiria wachache. Mgawanyo ulieleweka: kizito majini, chepesi angani.

Vita vilivyozuka mwaka 1983 viliuvunja mgawanyo huo. Mwaka 1984 meli ilishambuliwa kwenye Nile, na barabara zikategwa mabomu. Juba ilibaki mikononi mwa jeshi la serikali huku wapiganaji wa SPLA wakiwa nje ya mji. Uwanja wa ndege ukawa mlango wa chakula. Hata hivyo, anga nayo haikuwa salama: Agosti 1986 ndege ya Sudan Airways ilitunguliwa ilipoondoka Malakal, watu 60 wakafa.

Mkataba wa amani wa mwaka 2005 ulirudisha malori. Mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya uhuru, barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilikamilika kwa fedha za Marekani. Saruji, unga na mafuta vikapita humo kutoka Uganda na bandari ya Mombasa. Lakini mwaka 2021 madereva wa Kenya na Uganda waligoma mpakani baada ya wenzao kuuawa njiani. Lami ilikuwepo, usalama haukuwepo.

Kwa miji ya kaskazini hali ni ngumu zaidi, maana mvua hufunga barabara za udongo kwa miezi. Novemba 2015 ndege ya mizigo aina ya Antonov, iliyopakia pia abiria, ilianguka punde baada ya kuruka kutoka Juba, ikaua zaidi ya watu 30. Siwezi kusema watu wale walichagua vibaya bila kuuliza kwanza walikuwa na njia gani nyingine.

Cherehani ilifika siku kumi na moja baada ya dawa. Nauli yake ilikuwa ndogo, na mama hakulalamika kusubiri. Dawa kwa ndege, cherehani kwa lori: kwa mara moja tulichagua wenyewe. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipimo cha amani ambacho sisi wanafunzi wa historia tungepaswa kukihesabu pamoja na mikataba.