Kocha na Mbegu ya Msimu wa Pili

Ndugu wasikilizaji, wiki hii tuzungumze juu ya jambo ambalo pale Mbalizi halikosi wasemaji, iwe sokoni kwenye magunia ya viazi au kituoni watu wanapongoja gari la kwenda mjini. Jambo lenyewe ni hili: kocha wa mpira apimwe kwa kipimo gani?

Watu wengi wana kipimo kimoja tu. Timu ikishinda, kocha ni mwalimu. Timu ikifungwa, kocha hajui kitu na aondoke. Kipimo hiki ni chepesi, lakini kinadanganya. Tutazame mfano wa nyumbani, Juma Mwambusi na Mbeya City.

Timu hii ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya iliundwa mwaka 2011, na msimu wa 2013/14 ikaingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Wakongwe walikumbuka Tukuyu Stars, iliyotoka Rungwe na kutwaa ubingwa wa nchi mwaka 1986. Mbeya City haikufika huko, lakini ilitisha. Ilimaliza ya tatu kwa pointi 49, nyuma ya Azam yenye 62 na Yanga yenye 56. Simba ilikuwa ya nne kwa pointi 38. Timu ngeni ikamwacha Simba kwa pointi 11!

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwambusi alifanya kazi hiyo kwa vijana ambao wengi wao nchi ilikuwa haijawasikia. Hakungoja mastaa kutoka Dar es Salaam. Aliwafundisha kukimbia dakika zote tisini, kukaba kwa pamoja na kutoogopa jina la mtu. Katika mzunguko wa kwanza walicheza mechi 13 bila kufungwa hata moja. Wakaenda Chamazi kwa Azam, wakarudi na sare ya mabao 3-3. Uwanja wa Sokoine ukajaa jezi za zambarau, na magari ya kutoka Mbalizi yakawa hayana nafasi siku ya mechi.

Hayo ni mazuri yake. Sasa tuyatazame mapungufu, maana kumsifu mtu bila kumpima ni kumdhulumu.

Mwisho wa mzunguko wa kwanza, Azam na Mbeya City walikuwa sawasawa, pointi 27 kila mmoja. Katika mzunguko wa pili Azam ikavuna 35, Mbeya City ikavuna 22. Tarehe 13 Aprili 2014 Azam ilikuja Sokoine, ikashinda 2-1 na kutwaa ubingwa machoni petu. Msimu mzima Mbeya City ilishinda mechi 13, ikatoka sare 10 na kufungwa 3. Timu isiyofungika ni jambo la fahari, lakini sare haileti kombe. Palipohitajika bao la pili, mara nyingi halikupatikana. Hapo kocha ana lawama yake: alijua sana kufunga mlango wake, hakujua vya kutosha kuvunja mlango wa jirani.

Msimu uliofuata timu ilianza vibaya, kwa sababu wapinzani walikuwa wamekwisha isoma. Hata hivyo Mwambusi aliinyanyua. Mwezi Januari 2015 waliifunga Simba 2-1 kule kule Dar es Salaam, na ligi ilipokwisha walikuwa wa nne. Kocha asiye na kitu hawezi kuitoa timu shimoni namna hiyo.

Lakini tuulize pia upande wa pili. Azam ilikuwa na mfuko wa tajiri na benchi la akiba lililojaa. Mbeya City ilikuwa na mfuko wa halmashauri, fedha ambazo zahanati na barabara zinazingoja pia. Mwaka 2015 Deus Kaseke alichukuliwa na Yanga. Mwaka huo huo Mwambusi naye alikwenda Yanga kuwa msaidizi wa Hans van der Pluijm, na mwaka 2016 wakatwaa ubingwa. Waliomwona wa mkoani tu walipata jibu.

Mkulima wa viazi wa Umalila hapimwi kwa magunia ya msimu mmoja wenye mvua nzuri. Hupimwa kwa mbegu aliyoiweka kwa msimu wa pili. Mwambusi alilima vizuri, lakini ghala la mbegu halikuwa lake peke yake, lilikuwa la wenye timu. Ghala hilo halikujazwa. Mwaka 2023 Mbeya City iliteremka daraja, ikitolewa na Mashujaa ya Kigoma katika mechi za mchujo, na ilirudi Ligi Kuu kwa msimu wa 2025/26.

Kwa hiyo, ndugu zangu, safari nyingine mtakapotaka kumfukuza kocha, ulizeni maswali matatu kwanza. Alipewa nini mkononi? Alikifanyia nini? Na alipoondoka, sisi tulibaki na nini? Swali la kwanza ni la viongozi, la pili ndilo la kocha, na la tatu ni letu sote. Tusimbebeshe mtu mmoja majibu ya wote.