Mangi Mkuu na Kura ya Wachaga

Katika mwaka 1946 serikali ya Kiingereza iliigawa nchi ya Uchaga sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, ikaweka wakuu watatu juu ya mamangi. Petro Njau na Joseph Merinyo walikataa, wakadai mkuu mmoja atakayechaguliwa na raia. Dai lilishinda: Thomas Marealle alichaguliwa, akasimikwa 1952 kuwa Mangi Mkuu. Lakini 1960 raia waliulizwa tena: wataka mangi wa maisha, au rais wa kuchaguliwa? Wakataka rais, na Solomon Eliufoo akakishika kiti. Huo haukuwa utovu wa shukrani. Cheo kilichotolewa kwa kura ni amana. Na mwenye amana akiidai, hanyimwi.