Dawa ya Kisukari Ilivyofika kwenye Ovari

Mwanamke anayekwenda kliniki kwa sababu hedhi haieleweki hushtuka anapoandikiwa metformini. Dawa hiyo anaifahamu: ndiyo anayotumia mama yake au shangazi yake mwenye kisukari. Yeye hana kisukari, sasa ya nini?

Jibu lilichukua miongo mingi kupatikana. Mwaka 1935, madaktari Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago, Marekani, walieleza habari za wanawake saba waliokosa hedhi au kuipata kwa kurukaruka. Baadhi yao waliota nywele nyingi usoni, na ovari zao zilikuwa kubwa, zimejaa vifuko vidogo. Stein na Leventhal waliwapasua, wakakata kipande cha kila ovari. Wote saba walianza tena kupata hedhi na wawili wakashika mimba. Kwa kuwa kisu kilisaidia, ovari ndizo zilizobeba lawama yote kwa miaka mingi. Hali hiyo, ya ovari zenye vifuko vingi, leo inajulikana kwa kifupi cha Kiingereza kama PCOS.

Lakini dalili kwamba sukari nayo inahusika zilikuwapo mapema. Mwaka 1921, Wafaransa Achard na Thiers walikwisha kuandika juu ya kisukari kinachoandamana na ndevu kwa wanawake. Hata hivyo, uhusiano wenyewe ulionekana wazi mwaka 1980, pale watafiti wa Memphis, Marekani, Burghen, Givens na Kitabchi, walipopima damu za wagonjwa wa PCOS. Insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ilikuwa juu, na kadiri ilivyopanda ndivyo homoni za kiume zilivyopanda nazo.

Sababu yake inaeleweka. Mwili usipoitikia insulini vizuri, kongosho huzidisha kuitoa. Insulini hiyo ya ziada huzichochea ovari kutengeneza testosteroni zaidi. Wakati huohuo hulizuia ini kutoa protini inayoishika testosteroni ndani ya damu, hivyo nyingi hubaki huru. Matokeo yake ni chunusi, ndevu, na mayai yasiyopevuka.

Basi, je, insulini ikishushwa, homoni nazo zitatulia? Mwaka 1994, Velázquez na wenzake wa Mérida, Venezuela, waliwapa metformini wanawake 26 wenye PCOS kwa wiki nane. Insulini ilishuka, homoni za kiume zikashuka, na baadhi yao wakarudi kwenye mzunguko wa kawaida. Miaka miwili baadaye, John Nestler na Daniela Jakubowicz walilinganisha dawa hiyo na vidonge visivyo na dawa kwa wanawake 24 wanene. Waliomeza miligramu 500 mara tatu kwa siku, testosteroni yao huru ilipungua kwa asilimia 44. Wenzao hawakupata badiliko la maana.

Matumaini yalipaa, na mengine yalianguka. Troglitazoni, dawa nyingine ya kuuamsha mwili uitikie insulini, nayo ilishusha homoni za kiume, lakini iliharibu maini na kuondolewa sokoni Marekani mwaka 2000. Kisha mwaka 2007 utafiti wa wanawake 626 wenye PCOS waliotafuta mtoto ulionyesha kuwa waliojifungua kwa metformini peke yake walikuwa takribani asilimia 7, dhidi ya 22 kwa klomifeni, dawa ya kupevusha mayai. Leo letrozoli, dawa nyingine ya kupevusha mayai, ndiyo inayotangulizwa kwa anayetafuta mimba, na metformini imebaki na kazi yake ya kutuliza sukari na kusaidia mzunguko.

Faida kubwa ya safari hii haimo kwenye kidonge tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa PCOS huwapata asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Wengi bado husimangwa kwa ndevu, kwa unene na kwa kukosa mtoto, kana kwamba wamejitakia. Vipimo vya damu vimekwisha kuwatetea: ni ugonjwa wa mwili mzima. Kwa hiyo anayegunduliwa kuwa nao asiishie kwenye picha ya ovari. Aombe apimwe na sukari pia, hata kama hana mpango wa kuzaa.