Mabati Sabini na Mwembe Mmoja

Siku hizi ofa ni bei anayotaja mnunuzi. Mtu anakuuliza, "Umeshapata ofa?" nawe unajibu milioni ngapi. Kwa mtu wa Dar es Salaam wa rika la babu yangu, ofa ilikuwa karatasi: barua ya serikali inayokuarifu kwamba umepewa kiwanja namba fulani, kitalu fulani, kwa miaka kadhaa, na kodi yake ni kiasi fulani. Ilitoka ofisini ikaja kwako. Hakuna aliyekaa barazani akiisubiri kutoka kwa mpita njia.

Ninasoma shahada ya uzamili katika historia, na utafiti wangu unahusu viwanja vya mjini. Mwaka huohuo nilioanza, familia yetu iliamua kuuza nyumba ya babu iliyoko Kariakoo. Sikupanga mambo haya mawili yaende pamoja, lakini tangu yalipokutana siwezi kuona mteja akiingia pale mlangoni bila kukumbuka sheria ya mwaka fulani. Ndugu zangu wanasema ni ugonjwa.

Nianze na dalali, maana ndiye anayeleta wateja. Neno lake tumelipata kutoka Kiarabu, na ni ndugu wa neno dalili. Mzizi wao mmoja una maana ya kuonyesha au kuelekeza njia. Kwa hiyo dalali kwa asili ni mwonyeshaji. Mali si yake, pesa si zake, kazi yake ni kukutanisha macho na kitu. Katika soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873, madalali waliwatembeza binadamu mbele ya wanunuzi wakitangaza bei. Leo wanawatembeza wanunuzi mbele ya nyumba, na wengi wao wanataka kwanza walipwe pesa ya kuonyesha, hata usiponunua. Watu wanailalamikia sana pesa hiyo. Mimi naona ndiyo sehemu ya kazi yao inayolingana zaidi na jina lao.

Lakini wanaonyesha nini? Hapo ndipo historia inapoingia.

Mwaka 1923 Waingereza walitunga sheria iliyoitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma. Mtu alipewa haki ya kuikalia, si ardhi yenyewe. Hati za kumiliki ardhi moja kwa moja, zilizobaki tangu enzi ya Wajerumani, ziliendelea mpaka baada ya uhuru. Mwaka 1963 zikageuzwa kuwa za kupanga kwa serikali, na mwaka 1969 nazo zikawa haki ya kukalia kama nyingine. Mwalimu Nyerere alikwisha kueleza sababu mapema, mwaka 1958, katika kijitabu chake Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: hakuna binadamu aliyeiumba ardhi, hivyo anachoweza kudai kuwa chake ni jasho aliloliongeza juu yake.

Ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho unafika mahali pa ajabu. Kiwanja hakina bei. Kinachoweza kuuzwa ni maendelezo tu, yaani ukuta, paa, kisima, mti uliopanda.

Karatasi ya mauziano ya nyumba yetu ni ya mwaka 1969. Imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye ukurasa wa daftari la shule, na mikunjo yake imeshaanza kuachana. Muuzaji anasema ameuza kwa Sh. 9,000 nyumba ya vyumba sita yenye mabati sabini, milango minane, madirisha sita, choo cha shimo na mwembe mmoja uani. Kiwanja kimetajwa kwa namba yake na basi, kama anwani. Mashahidi ni wawili, na mmoja ni mjumbe wa nyumba kumi. Mara ya kwanza nilipoisoma nilicheka mtu kuhesabu mabati. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa akiandika jinsi sheria ilivyotaka, labda bila kuijua: alitaja kila kilicho juu ya ardhi ili asiuze ardhi.

Kisheria hata hivyo hakikutosha. Kanuni za mwaka 1948 zilitaka uhamisho wa haki ya kukalia upate kibali cha serikali, na mwaka 1988 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Nitin Coffee Estates, ilisisitiza kwamba bila kibali mkataba hauna nguvu. Babu alikuwa amekwisha kulala chini ya mabati yake sabini kwa miaka kumi na tisa. Kwa bahati nzuri alikuwa amekwenda kuomba kibali mwaka 1975, kwa kusukumwa na bibi, na nakala yake tunayo. Nitairudia, kwa sababu imekuwa na thamani kuliko ukuta wowote.

Mwaka 1971 ukaongeza jambo jingine. Sheria ya kutwaa majengo ya mwezi Aprili iliruhusu serikali kuchukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh. 100,000, na jengo lililokuwa limezidi miaka kumi halikulipiwa fidia. Wenye majengo hayo wengi walikuwa Wahindi, na nyumba zao zikaenda kwa Msajili wa Majumba. Miaka minne nyuma Azimio la Arusha lilikuwa limewakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Nyumba yetu ilikuwa mbali na laki moja, lakini nadhani wakati ule ulifundisha mji mzima adabu fulani ya macho: usiipambe nyumba yako mpaka watu waulize ni ya nani. Ukitaka kuiuza, mnong'oneze mtu mmoja msikitini. Ukuta uliobanduka rangi ulikuwa aina ya kinga.

Masharti ya viongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Baada ya hapo Kariakoo ilianza kwenda juu, na nyumba za Kiswahili zenye korido katikati zikawa zinabomolewa moja baada ya nyingine kupisha ghorofa za maduka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilikubali kwamba ardhi ina thamani, na marekebisho ya mwaka 2004 yakaruhusu kiwanja kitupu kiuzwe. Kilichokuwa hakina bei kikawa ndicho chenye bei, na mabati yakawa gharama ya kubomoa.

Baba mkubwa, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, hakuyapokea mabadiliko hayo. Alipaka barazani rangi ya bluu ya mafuta, akabadilisha bawaba za mlango wa mbele, akaweka balbu mpya katika kila chumba. Wateja walikuja watano katika mwezi wa kwanza. Hakuna hata mmoja aliyewasha taa. Walisimama barabarani, wakapiga hatua kutoka kona hadi kona wakihesabu kimyakimya, wakauliza upana wa mtaa na kama kiwanja cha jirani nacho kinauzwa. Baba mkubwa aliendelea kuwaeleza habari za bawaba.

Walichotaka kuona kiliingia kwenye faili la plastiki. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kulijaza: hati, kibali cha 1975, risiti za kodi ya ardhi na ya jengo, barua ya mahakama ya kumteua msimamizi, picha za warithi. Baada ya faili hilo kukamilika, simu ziliongezeka na mazungumzo yakawa ya tarakimu. Dalali alinitaka niwe nalo kila mteja anapofika, akaacha kabisa kuwapeleka vyumbani.

Vyumbani kulikuwa na mtu. Shangazi yangu amekaa chumba cha nyuma tangu mwaka 1998, na anakaanga vitumbua uani, chini ya mwembe uliotajwa kwenye karatasi. Alijua kuwa nyumba inauzwa siku alipomkuta mwanamume asiyemfahamu akipima uani kwa futi kamba. Kikao cha warithi kilifanyika baada ya hapo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, lakini shangazi si mke wa mtu katika nyumba ile, ni binti. Kwa mgawo wa Kiislamu, akiwa na kaka zake watatu, ana fungu moja kati ya saba. Fungu hilo halinunui chumba Kariakoo. Linanunua kiwanja Chanika, ambako hana mteja hata mmoja wa vitumbua.

Wiki iliyofuata aliandika ukutani, juu ya ile bluu, NYUMBA HII HAIUZWI.

Nilidhani wateja wangekoma. Wakaongezeka, ila wakawa wa aina nyingine: wale wanaopenda ugomvi kwa sababu ugomvi hushusha bei. Wenye pesa za uhakika walisoma maandishi na kuondoka bila kushuka garini. Baba mkubwa alitaka kupaka rangi upya. Baba yangu alimwomba asubiri, akaenda kukaa na dada yake uani jioni tatu mfululizo.

Hadi sasa tumepata ofa mbili za maana. Moja ni ya pesa taslimu, na ni ndogo. Nyingine ni ya ubia: mjenzi abomoe, ajenge ghorofa nane, familia ipate fleti tatu. Shangazi alikubali kumsikiliza huyo wa pili, lakini kwa sharti kwamba aje mwenyewe na si dalali. Alikuja Jumamosi, akasema, "Shikamoo, mama," akapewa kigoda. Shangazi alimuuliza mambo matatu: fleti yake itakuwa ghorofa ya ngapi, lifti ikiharibika nani atalipa, na moshi wa vitumbua utatokea wapi. Mawili ya kwanza aliyajibu palepale. La tatu aliliandika kwenye daftari, akasema atamuuliza mchoraji wa ramani.