Kwato Bila Chuma

Waganda humwita farasi embalaasi. Litamke neno hilo polepole, utamsikia farasi wa Kiswahili ndani yake, naye alitoka kwa Waarabu kabla ya kupanda bara na misafara na kuvaa sauti za Kiganda. Punda wao ni endogoyi, jina lililo karibu sana na ndogowe ya Wasukuma, majirani wa kusini mwa Ziwa Viktoria. Lakini mhunzi ni omuweesi, na hilo ni neno la nyumbani lisilohitaji kuazimwa popote. Katika maneno hayo matatu mna fumbo la historia ya Kampala: hapa palikuwa na watu waliojua chuma barabara, lakini hawakufua kiatu cha farasi. Fumbo hili lina faida leo, wakati wapanda farasi wa mbio za masafa marefu, kutoka California hadi Afrika Kusini, wanabishana kama mnyama anayekwenda kilomita mia kwa siku apigiliwe chuma au aachwe na kwato zake. Wengi husema kiatu ni maendeleo na ukwato mtupu ni hali ya kale. Historia ya Uganda inanishawishi vingine: kiatu cha chuma kilikuwa jibu la swali fulani, la nchi fulani, na swali hilo halikuulizwa hapa.

Tuanze na chuma, maana jibu la haraka ni kwamba ufundi haukuwapo. Ulikuwapo. Buganda, ufalme wa Waganda ilipo Kampala, ilipata chuma kutoka Bunyoro, Kooki na Buddu, na wahunzi wake walifua majembe, mikuki, visu na vikuku. Mhunzi mkuu wa Kabaka, mfalme wa Buganda, aliitwa Walukaga, na watoto wa Uganda bado husimuliwa hadithi ya Walukaga aliyeamriwa na mfalme kufua mtu hai kwa chuma, akaokolewa na ushauri wa mwendawazimu. Nuwa Walukaga, mhunzi wa Kabaka Mwanga, ni miongoni mwa Wakristo waliouawa mwaka 1886. Cheo kilichokaa karibu hivyo na kiti cha enzi si cha fundi wa kubahatisha. Mtu awezaye kutengeneza kichwa cha mkuki chenye makali pande mbili hashindwi na bamba lililopindwa kama mwezi mchanga na misumari michache. Kilichokosekana ni mguu wa kulivaa.

Mguu huo ulizuiwa na mbung'o. Mdudu huyu hubeba vijidudu vya nagana, ugonjwa unaomkondesha farasi, ng'ombe na ngamia hadi kufa, na njia kuu za kutoka pwani zilipita katika vichaka vyake. Hata pale asipokuwapo, bara lilikuwa na maradhi mengine ya kumngoja farasi: Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili, na wote wawili walikufa Kingaru, siku chache tu kutoka baharini. Mwaka 1877 Alexander Mackay, mhandisi Mskoti wa misheni ya Kianglikana, alifyeka njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa akitumaini mikokoteni ya ng'ombe ingepita. Ng'ombe walikufa, na Mackay alipofika Buganda mwaka uliofuata tumaini la magurudumu lilikuwa limebaki nyuma. Sababu haikujulikana vizuri mpaka David Bruce alipokiona kijidudu cha nagana kule Zululand katikati ya miaka ya 1890. Na mwaka 1903, akiwa Entebbe, akathibitisha kwamba malale yaliyokuwa yakiteketeza watu wa visiwa na fukwe za Ziwa huenezwa na mbung'o pia. Mdudu yuleyule aliyeifunga nchi kwa farasi akazihamisha fukwe nzima.

Basi mzigo ukabebwa na binadamu. Kabaka mwenyewe hakupanda mnyama: alibebwa mabegani na watu wa ukoo wa Mbogo, na hiyo ilikuwa heshima yao. Kwa wapagazi wa misafara haikuwa heshima. Mzigo wa kawaida ulikaribia kilo 27, safari kutoka pwani ilihesabiwa kwa miezi, na nyayo zilikuwa tupu. Kisha miaka ya 1890 funza, aliyeshuka Angola na meli kutoka Brazil mwaka 1872 na kuvuka bara lote, akafika Ziwa na kuwalemaza watu waliokuwa hawamjui wala hawajui kumtoa. Methali yetu ya punda afe, mzigo wa bwana ufike, inauma zaidi ukikumbuka kwamba mara nyingi punda wenyewe walikwisha kufa zamani. Nasema haya kwa sababu wapenzi wa ukwato wa asili huzungumza kana kwamba kutovaa kiatu ni baraka siku zote. Huo mguu uchi wa njia ya Buganda ulikuwa mguu wa mtu aliyelazimika.

Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, meli zikavusha shehena hadi ng'ambo ya Uganda, na Kampala ikapata treni yake mwaka 1931. Katikati ya miaka hiyo zilikuja baiskeli, kisha malori. Mji uliopewa jina la swala pala ukaruka moja kwa moja kutoka unyayo wa mpagazi hadi mpira wa gurudumu, bila kupitia karne za mkokoteni wa farasi ambazo London na Paris zilipitia.

Karne hizo ndizo zilizofanya kiatu cha chuma kuonekana cha lazima. Wagiriki wa kale hawakuwapigilia farasi wao misumari. Xenophon, aliyeandika juu ya ufugaji wa farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishauri farasi asimame juu ya mawe ya mviringo ili kwato zake zikomae, na alikuwa askari aliyeongoza jeshi kwa safari ndefu, si mshairi wa malisho. Kiatu cha misumari kilienea Ulaya katika Zama za Kati, pale farasi alipofungiwa zizini juu ya samadi na mkojo, akatolewa kwenye ardhi tepetepe, kisha akavutishwa mizigo mizito juu ya barabara za mawe. Ukwato uliolainishwa usiku ulisagwa mchana, na chuma kilikuwa dawa ya msiba huo. Mahali ambapo msiba haukuwapo, dawa haikutafutwa. Farasi wa Mongolia hawavalishwi viatu kwa kawaida, na juu ya farasi hao tangu mwaka 2009 yanafanyika mashindano ya kilomita 1,000. Poni wa Wabasotho walijijengea sifa katika milima ya mawe wakiwa na kwato zao tu.

Uganda nayo ina ushahidi wake, ingawa hauko Kampala. Huko Karamoja, punda hubeba vyombo vya nyumba familia inapohama, na kwenye miteremko ya Mlima Elgon, Kapchorwa na Bukwo, punda hupandisha na kushusha magunia juu ya njia zenye mawe. Hawana viatu. Katika hifadhi ya Ziwa Mburo punda milia hutembea kutwa kati ya malisho na maji, na hakuna anayewachonga kwato. Ukuta wa ukwato hukua kutoka juu bila kukoma; kwa farasi, takribani sentimeta moja kwa mwezi. Mnyama anayetembea sana juu ya ardhi kavu husaga kiasi kile anachoota, na wayo, pamoja na ule mto laini wa pembetatu nyuma yake, hukomaa kwa kukanyaga. Jaime Jackson, aliyekuwa mfua viatu vya farasi, aliwafuatilia farasi mwitu wa magharibi ya Marekani katika miaka ya 1980 na kuona jambo hilohilo: kwato fupi, mviringo, zisizopasuka. Kitabu chake cha mwaka 1992 ndicho kilichowasha mjadala wa sasa.

Atakayepinga atasema punda si farasi, na atakuwa amesema kweli. Ukwato wa punda ni mwembamba, umesimama zaidi na unanepa zaidi, umeumbwa kwa nchi kavu. Atasema pia kwamba punda milia hachukui mtu mgongoni, wala halazimiki kumaliza njia kabla ya jua kuchwa. Hilo ni zito. Mbio za Tevis za California, zilizoanza mwaka 1955, ni kilomita 160 ndani ya saa 24 juu ya miamba. Huko usagaji wa siku moja unaweza kuupita ukuaji wa wiki nyingi. Nakubali, ila pingamizi hilo linathibitisha haja ya kinga siku ya mbio, halithibitishi haja ya msumari mwaka mzima. Farasi waliobandikwa viatu vya plastiki kwa gundi wamezimaliza mbio hizo, kisha wakarudi malishoni miguu mitupu.

Pingamizi ninaloliona gumu kuliko yote linatoka Kampala yenyewe. Karamoja ni kavu. Buganda ni nchi ya mvua mbili kwa mwaka, ya vinamasi vya mafunjo na udongo mwekundu unaonata. Farasi wa kupanda walioko leo Munyonyo, ukingoni mwa Ziwa, wanasimama katika unyevu uleule ulioifanya Ulaya ikimbilie chuma. Ukiwang'oa viatu na kuwaacha kwenye tope kwa sababu umesoma habari za farasi mwitu wa jangwa, hujafuata asili, umeacha kazi. Lakini chuma hakiukaushi ukwato. Kinauziba tu usikanyage, na matundu ya misumari huwa njia ya maji na uozo. Kinachomsaidia mnyama wa Munyonyo ni kile alichokisema Xenophon, mahali pakavu pa kusimama penye mawe, pamoja na matembezi marefu ya kila siku, na mkono wenye tupa unaorudi kila baada ya wiki chache kabla ukingo haujapasuka.

Tena kuna muda, ambao wenye haraka husahau kuuhesabu. Ukuta wa ukwato huchukua miezi tisa hadi kumi na miwili kushuka kutoka kwenye manyoya hadi ncha ya kidole. Pete zilizo juu yake ni kumbukumbu ya mwaka mzima: masika yaliyolowesha, malisho yaliyozidi sukari, homa iliyopita. Farasi aliyevuliwa viatu leo bado anatembea juu ya ukwato uliootea ndani ya chuma. Anayetaka kumpeleka kwenye barabara za murramu za Ziwa Mburo miguu mitupu kiangazi cha mwaka ujao, inampasa kumwandaa kuanzia kiangazi hiki, kwenye kokoto, kilomita chache chache, akiutazama mstari wa ukwato mpya ukishuka mwezi baada ya mwezi.